Nyimbo 140, wanawake saba na siku chache kabla ya mwaka kuisha

Swali: Shikamoo kaka. Naishi Ipagala hapa Dodoma, nina watoto watatu, ni muuguzi na wiki nyingine naingia zamu ya usiku. Tuko wanawake saba tuliosoma pamoja sekondari. Kila mwisho wa mwaka mwenzetu mmoja alikuwa akitutengenezea mchanganyiko wa nyimbo, na usiku wa tarehe 31 kila mtu anausikiliza pale alipo. Mwaka huu amejifungua mapacha, kazi nimeachiwa mimi. Nimekusanya nyimbo 140 kwenye simu. Nimejaribu kuziunga mara mbili, na mara zote imekuwa kama redio isiyo na mtangazaji, tena sauti inapanda na kushuka. Nyumbani hakuna utulivu: watoto wanataka singeli, mama mkwe amekuja kutoka Mpwapwa na hapendi makelele. Halafu mmoja wa marafiki alifiwa na baba yake mwezi wa nane, sijui nimwekee nini. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na hongera. Watu hawamwachii kazi ya namna hiyo mtu wasiyemwamini.

Anzia kwenye daftari, simu iweke kabatini kwanza. Andika majina ya wenzako sita, kila moja na ukurasa wake. Chini ya kila jina andika jambo moja au mawili yaliyompata mwaka huu. Usiandike nyimbo anazozipenda, andika yaliyompata: yule aliyehamishwa kikazi, yule aliyefungua duka, yule aliyepata mapacha, yule aliyefiwa. Ukurasa wa saba ni wako mwenyewe. Ukishamaliza, rudi kwenye zile 140 na kila wimbo uulize ni wa nani. Nyingi zitaondoka zenyewe, maana ni nzuri lakini hazina mwenyewe.

Hili silisemi kwa kubahatisha. Miaka ya 1990 nilikuwa nikirekodi kanda kwenye kibanda karibu na soko la Majengo, na Desemba ndiyo ilikuwa mavuno yetu. Wateja walikuwa wa aina mbili. Wapo waliokuja na orodha ya nyimbo zilizokuwa zinavuma, wanasema niwekee hizi zote. Wapo wengine waliokaa kwenye benchi wakaanza kusimulia: kaka yangu yuko machimboni hajarudi mwaka wa pili, nataka asikie kitu kitakachomkumbusha nyumbani. Wale wa kwanza niliwaona tena mwezi wa pili, wameleta kanda ileile niifute niweke nyimbo mpya. Wale wa pili hawakurudi kufuta. Kaseti ina vijino viwili vya plastiki mgongoni, na ukivivunja redio haiwezi tena kurekodi juu yake. Mimi niliwavunjia vijino pale pale kibandani, kwa ncha ya bisibisi, kwa sababu waliniomba. Mpaka leo nikipewa kazi ya kuunganisha nyimbo, najiuliza swali hilo moja: huyu atakayeipokea atavunja vijino au hatavunja?

Sasa urefu. Weka dakika 60, usizidishe. Kaseti tuliyoipenda zaidi ilikuwa ya dakika 60, nusu saa kila upande, na bado naona ndicho kipimo kizuri cha uvumilivu wa mtu anayesikiliza huku anafanya kazi. Saa moja inatosha kukatakata vitunguu na kuiva pilau, inatosha kupiga pasi nguo za wiki. Hata kama mmoja wenu atapanda treni ya SGR kutoka Dar kuja Dodoma kwa sikukuu, usijaribu kumjazia safari nzima. Mwache asikilize saa moja, alale, akiamka arudie. Nyimbo za Bongo Fleva nyingi ni dakika 3 au 4, kwa hiyo saa moja inabeba kama nyimbo 15. Ukiweka muziki wa dansi wa zamani hesabu inabadilika, kwa sababu wimbo mmoja wa bendi unaweza kula dakika 7 au 8. Kuweka miwili au mitatu ya aina hiyo nakubali. Zaidi ya hapo utakuwa umewafungulia ukumbi.

Kutoka 140 kwenda 15 ndipo unapodhani nyumba yako inakukwamisha. Mimi naona ndiyo inayokusaidia. Nyimbo zilizobaki baada ya zoezi la daftari, tuseme 40, ziweke kwenye sabufa ya sebuleni kwa sauti ya chini, zipige wakati mnafanya kazi za kawaida. Usivae hedifoni. Ukiwa na hedifoni kila wimbo unakuwa mzuri, kwa sababu uko peke yako nao na unasikia kila kidole cha mpiga gitaa. Unachotaka kujua ni wimbo gani unavumilia kelele za sufuria, mtoto anayelia na jirani anayeita getini. Halafu nyamaza usubiri. Kesho yake asubuhi, mtoto akiwa anapiga mswaki au anaosha vyombo, sikiliza anaimba nini bila kuambiwa. Huo andika. Mumeo akipiga mluzi wa kiitikio anaposafisha pikipiki, huo pia andika. Wimbo ambao siku tatu nzima haujatoka mdomoni kwa mtu yeyote pale nyumbani, hata kama wewe unaupenda, ufikirie mara mbili.

Kuna jambo la pembeni hapa. Huduma za muziki za kwenye simu hukuletea kila Desemba muhtasari wa nyimbo ulizosikiliza zaidi. Usiufanye msingi wa kazi yako. Simu yako inahesabu kila kilichopigwa, pamoja na zile nyimbo za katuni ambazo mtoto wako wa mwisho amezirudia mara hamsini. Na wimbo uliousikia mara moja tu, mwezi wa nne, ndani ya daladala ukitoka Jamatini siku ulipopata habari njema, hauna nafasi kwenye hesabu hiyo. Kumbe huo ndio wa ukurasa wako wa saba.

Kuhusu mama mkwe, nakuomba usimchukulie kama kikwazo. Mpikie chai, kaa naye, muulize: mama, mlipokuwa wasichana mlikuwa mkiimba nini mvua za kwanza zikinyesha? Kama ni Mgogo, umebahatika kuliko unavyofikiri. Ugogoni kuna uimbaji wa sauti nyingi zinazopishana na kujibizana ambao wanamuziki wa nchi nyingine wamesafiri kuja kuusikiliza, na kuna muheme, ngoma ambazo wapigaji wake ni wanawake, wamezibana kati ya mapaja na kuzipiga wakiwa wamesimama. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha Bagamoyo na kuupeleka muziki huu Ulaya na kwingineko, alifariki tarehe 30 Desemba 2003. Kila mwaka siku hiyo, mkesha wa mkesha, mimi huweka walau wimbo wake mmoja nyumbani kwangu kabla ya kitu kingine chochote.

Lakini usiishie kwenye rekodi za watu maarufu. Mwombe mama mkwe akuimbie mwenyewe, sekunde 40 tu, au akusalimie tu: Mbukwenyi! Sauti hiyo ikifungua mchanganyiko wako, hakuna mwenzako atakayedhani ameshapata kitu hicho mahali pengine. Mweleze itapelekwa kwa nani, akikubali ndipo urekodi. Chumba cha kulala ndicho bora, kwa sababu godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa zinameza mwangwi. Simu iweke juu ya kanga iliyokunjwa, umbali wa mkono mmoja kutoka mdomoni kwake, usiishike mkononi. Zima feni. Na fanya mapema, mvua zimeshaanza na ikipiga bati hakuna kinachosikika. Rekodi mara mbili, ya pili huwa imetulia, ingawa mara nyingi ya kwanza ndiyo yenye uhai. Zitunze zote mbili.

Ukitumia muziki wa ilimba, yaani boksi lenye vijino vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, au wa zeze, kuna kosa moja ambalo vijana wanalifanya sana siku hizi na linaniuma. Ilimba ina mvumo fulani unaoambatana na kila noti, kama nyuki aliyejificha ndani ya boksi. Mafundi huutengeneza kwa makusudi, kwa utando wa buibui unaowekwa juu ya tundu la boksi. Programu za simu zinazosafisha kelele zinauona mvumo huo kuwa ni uchafu na kuufuta, na kinachobaki ni kama uji usio na chumvi. Usisafishe. Acha kama ulivyo.

Singeli ya watoto iingie, ila iwe moja. Hapa kuna ufundi kidogo, na wewe umeshausoma darasani bila kujua. Muuguzi anajua kuhesabu mapigo: hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Fanya hivyohivyo kwa kila wimbo uliobaki na uandike namba pembeni ya jina lake. Utaona Bongo Fleva nyingi ziko kati ya 90 na 110 kwa dakika, amapiano ziko karibu na 112, na singeli inakimbia 200 na kuendelea. Mtu akiona namba hizo anadhani singeli haiwezi kukaa na kitu kingine. Inawezekana. Nusu ya 200 ni 100. Ukiitanguliza na wimbo wa 100 wenye ngoma iliyo wazi, mguu wa msikilizaji unaendelea kupiga vilevile huku mikono ya wapigaji imeongeza kasi maradufu. Mwili hausumbuki. Ukiitanguliza na wimbo wa 85, kila mtu atahisi amesukumwa mgongoni.

Kwa nyimbo nyingine kanuni yangu ni nyepesi: kati ya wimbo na unaoufuata usiruke zaidi ya mapigo 8 au 10, ila pale unapotaka watu washtuke, na mshtuko mmoja kwa saa nzima unatosha. Baada ya mapigo angalia sauti. Imba kwa pua noti ya mwisho ya wimbo unaoisha, endelea kuishikilia, halafu anzisha unaofuata. Kama noti yako inakaa vizuri ndani yake, ziunge moja kwa moja. Kama inakwaruza, usilazimishe. Weka sekunde 2 za kimya katikati na sikio litasahau. Watu wanaogopa kimya, wanadhani msikilizaji atafikiri simu imezima. Kimya cha sekunde mbili ni pumzi tu.

Muziki wa dansi una faida yake katika kuunga. Wimbo wa bendi, hasa zile zilizorekodiwa Radio Tanzania miaka ya 1970 na 1980, una sehemu mbili: mwanzo wa taratibu ambapo hadithi inasimuliwa, na mwisho ambapo magitaa yanachukua uwanja na mwendo unachangamka. Ukiwa na upande wa nyimbo za polepole na upande wa nyimbo za kuchezwa, wimbo mmoja wa namna hiyo katikati unakuvusha bila kuruka. Usiukate kabla magitaa hayajaingia. Nimewasikia wengi wakifanya hivyo ili kuokoa dakika, wanachukua hadithi na kuacha mwisho. Waimbaji wa enzi hiyo, tangu Mbaraka Mwinshehe mpaka Marijani Rajabu, walisimulia wakijua kwamba mwisho watu watasimama kucheza.

Sasa rafiki yako aliyefiwa. Nimeuacha ukurasa wake mpaka hapa kwa sababu unahitaji nafasi, na kwa sababu ndio wenye uzito kuliko yote uliyouliza.

Usimwekee wimbo wa msiba. Ameshazisikia kwaya za mazishi mwezi wa nane, na kila akizisikia anarudi kaburini. Usimwekee pia wimbo wa kumwambia ajikaze, maana ameshaambiwa hivyo na kila aliyemtembelea. Tafuta wimbo ambao baba yake aliupenda au aliusikiliza enzi zake. Kama hujui, mpigie mdogo wake au mama yake umuulize. Swali hilo litawafurahisha kuliko unavyotarajia. Kama mzee alikuwa mtu wa Remmy Ongala, weka Remmy. Kama alikuwa mtu wa taarabu, weka taarabu. Akiusikia atajua kuwa kuna mtu amemkumbuka baba yake kama mzee aliyekuwa akitikisa kichwa redioni siku za Jumapili.

Uuweke wapi? Usiwe wa kwanza wala wa mwisho. Wimbo wa kwanza unamkuta mtu bado anatafuta pa kukaa, wa mwisho unabaki naye usiku kucha. Uweke baada ya katikati, kama dakika ya 35 au 40, watu wakiwa wameshalegea na kucheka. Kabla yake acha sekunde 3 za kimya, ziwe ndefu kidogo kuliko kwingine. Baada yake usiweke singeli wala wimbo wowote wa kushangilia. Weka wimbo wa upole wa mwendo uleule, mmoja, ndipo taratibu upande tena. Na siku ya tarehe 30, kabla hujawatumia wote, mwandikie yeye peke yake: kuna kitu cha mzee humu ndani. Asije akakutana nacho ghafla akiwa mbele ya wageni na sahani mkononi. Nilimfanyia mtu kosa hilo kwenye kanda mwaka mmoja, nikidhani namshangaza kwa wema. Alitoka nje akakaa kwenye gari mpaka saa sita ikapita. Sijalisahau.

Umelalamika kwamba inakuwa kama redio isiyo na mtangazaji. Basi tangaza, lakini mara tatu tu: mwanzoni baada ya mama mkwe, katikati, na kabla ya wimbo wa mwisho. Sekunde 15 kila mara. Taja majina. Sema, huu ni wa fulani, mwaka huu alifungua duka na sote tukaenda kununua chumvi siku ya kwanza. Redioni tulifundishwa kuongea wakati ala zinapigwa na kunyamaza kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Pima kwa saa: wimbo una sekunde ngapi za ala mwanzoni? Kama ni 18, maneno yako yawe ya sekunde 15, yaandike, yasome kwa sauti huku unapima mpaka yakae. Mtangazaji anayemkanyaga mwimbaji anawaudhi wote wawili, mwimbaji na msikilizaji. Watoto wakisikika nyuma yako wakigombana kuhusu rimoti, waache. Wenzako wanajua una watoto.

Kupanda na kushuka kwa sauti kuna sababu yake. Rekodi za zamani zilitengenezwa kwa sauti ya chini, zikiacha nafasi kati ya mnong'ono na kelele. Nyimbo za sasa zimekandamizwa na kuongezwa nguvu ili zisikike vizuri kwenye spika ndogo ya simu, kwa hiyo wimbo wa mwaka huu ukifuata wa mwaka 1978 unamrusha mtu kwenye kiti. Dawa si kuupandisha ule wa zamani, maana ukiusukuma kupita kiwango unaanza kupasuka, na mpasuko hauondoki tena. Tafuta wimbo ulio chini kuliko zote, uufanye kipimo, halafu nyingine zote uzishushe ziufuate. Msikilizaji akitaka sauti kubwa ana kitufe chake.

Kama unaweza kuazima kompyuta siku moja, weka Audacity, programu ya bure ambayo haihitaji mashine yenye nguvu. Ina sehemu ya kusawazisha ukubwa wa sauti kwa kipimo kinachoitwa LUFS. Weka -14 kwa kila wimbo, ukubwa unaokaribiana na unaotumiwa na huduma nyingi za kusikiliza muziki, au namba ya chini zaidi kama ule wimbo wako wa kipimo uko chini ya hapo, na nusu ya shida yako imeisha. Baada ya hapo rudia kwa sikio, kwa sababu mashine inapima nguvu ya sauti lakini haijui kwamba sauti ya mama mkwe inatakiwa isikike karibu zaidi kuliko gitaa. Hifadhi kazi yako kila baada ya dakika kumi. Desemba umeme hukatika na mvua, na mimi niliwahi kupoteza kazi ya siku nne jioni moja kwa kujiamini.

Usifanye maamuzi ya sauti ukitoka zamu ya usiku. Sikio lililochoka linataka kila kitu kiwe juu, na asubuhi ukiamka utashangaa ulikuwa unasikia nini. Siku hizo panga maneno, sahihisha majina ya wasanii, hesabu mapigo. Kazi ya kusawazisha ifanye siku ya mapumziko, nusu saa asubuhi kabla watoto hawajaamka, halafu uiache. Nusu saa nne za namna hiyo zinazidi usiku mmoja wa kukesha.

Ukimaliza toa faili moja, nyimbo zote zikiwa zimeungana, kwa MP3 ya kbps 192. Saa moja kwa kiwango hicho ni kama MB 86, na ukishusha hadi 128 ni kama MB 58, tofauti ambayo kwenye simu wachache wataisikia lakini kwenye sabufa nzuri itasikika kwenye matoazi. Usichukue nyimbo ambazo zimeshapitishwa mkono kwa mkono na kubadilishwa mara nyingi. Kila zikibadilishwa zinapoteza kitu, na hakuna programu inayokirudisha. Kwenye WhatsApp itume kama waraka, usiitume kama sauti ya kawaida, kwa sababu faili kubwa za sauti hukataliwa ilhali waraka unaruhusiwa hadi GB 2. Itume usiku wa tarehe 30. Tarehe 31 jioni kila mtu anatuma salamu na mtandao unakuwa mzito, na wengine watakuwa wameshamaliza bando.

Anayetaka nyimbo mojamoja kwa ajili ya gari, mpe kwenye flashi. Iandae kwa mfumo wa FAT32 maana redio nyingi za magari hazisomi mwingine, na majina ya faili yaanze na 01, 02, 03 mpaka mwisho. Ukiandika 1, 2, 3 redio itapiga 1 halafu 10. Tena kuna redio za bei nafuu ambazo hazitazami majina kabisa, zinapiga kwa mfuatano ulionakili. Kwa hiyo nakili wimbo mmojammoja kwa utaratibu wake, usizikamate zote kwa pamoja. Inachosha, lakini ndiyo njia ya uhakika.

Pamoja na faili tuma orodha ya majina: wimbo, msanii, na mwaka kama unaujua. Andika majina kwa usahihi. Muziki huu ni mali ya watu, unalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mchanganyiko wenu ubaki kati yenu saba. Usiupandishe mtandaoni wala usiuuze. Orodha itawawezesha wenzako kuwatafuta wasanii hao Boomplay, Audiomack au YouTube na kuwasikiliza pale ambapo msanii anapata chake. Mama mkwe naye aandikwe kwenye orodha, namba moja, kwa jina lake kamili.

Umebaki wimbo wa mwisho. Najua mkono unakuvuta kwenye ule mkubwa wa mwaka, ambao kila harusi imeupiga. Uweke dakika ya 20, ufurahishe watu, upite. Wa mwisho uwe wa yule mwenye mapacha, aliyewafanyia kazi hii miaka yote. Rudi kwenye michanganyiko yake ya nyuma, lazima mmojawapo uko kwenye simu ya mtu kati yenu, na uchague wimbo ambao yeye aliwahi kuwawekea ninyi. Mrudishie. Na yeye usimtumie kwenye simu tu, hana mkono wa kushika simu siku hizi. Peleka flashi mwenyewe mchana wa tarehe 31, ichomeke kwenye redio yao, weka sauti ya chini watoto wasishtuke, umpokee pacha mmoja, na ukae mpaka wimbo wa kwanza uishe.